Staa, Usimwanike Mwenzako

Niseme mapema ndio tusipotezeane wakati: mchezaji staa hafai kusimama mbele ya kamera akitaja makosa ya mwenzake wa timu. Hafai. Hata kama anasema ukweli. Hata kama yeye alifunga pointi 30 na huyo mwingine alifunga mbili.

Najua wengi wenu hamkubaliani na mimi, kwa sababu tumebishana kwa stage ya boda hapa Kiminini, tukabishana kwa kinyozi, na juzi tumebishana mpaka kwa matanga tukingoja chakula. Hoja yenu ni moja: "Ukweli usemwe. Kama mtu anaangusha timu, aambiwe."

Sawa. Aambiwe. Mimi pia nasema aambiwe. Lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kuanikwa ni kitu kingine, na watu wengi siku hizi wanaanika halafu wanajiita wasema kweli.

Tuanze na kesi ambayo kila mtu wa basketi anaijua.

Juni 20, 2021, Philadelphia. Mechi ya 7 kati ya 76ers na Atlanta Hawks. Anayeshinda anaingia fainali ya Mashariki, anayeshindwa anaenda nyumbani. Zimebaki kama dakika tatu na nusu. Ben Simmons anapata mpira karibu kabisa na ringi, na aliye karibu kumzuia ni Trae Young, jamaa mfupi kuliko yeye kwa mbali. Hapo unadanki tu, mambo yanaisha. Simmons hakudanki. Alimpasia Matisse Thybulle, Thybulle akachezewa vibaya, akapewa mitupo huru miwili, akaingiza mmoja. Hawks walishinda 103-96.

Baada ya mechi Joel Embiid, mwana wa Yaoundé na staa wa hiyo timu, akaulizwa mechi iligeukia wapi. Alisita kwanza. Halafu akasema kwamba kwa maoni yake iligeuka pale walipokuwa na nafasi ya wazi wakatoka na pointi moja ya mtupo huru. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Dunia nzima ilikuwa imeona ni nani alikataa kudanki.

Sasa niwape upande ambao hausemwi sana. Usiku huo Embiid alifunga 31 na kuchukua rebaundi 11, lakini pia alipoteza mpira mara 8. Mara nane, kwa mechi ya mwisho ya msimu. Na kusema haki, katika jibu lilelile alikubali kwamba mwishoni yeye pia alipoteza mpira na hiyo ilikuwa juu yake. Ni nani anakumbuka hiyo sehemu? Wewe ulikuwa unaijua? Watu walibeba nusu ya kwanza ya jibu, nusu ya pili wakaiacha palepale mezani.

Simmons hakuvaa tena jezi ya 76ers kwa mechi hata moja. Aliomba kuondoka, akakaa nje, akazungumzia afya yake ya akili, na Februari 10, 2022 akapelekwa Brooklyn Nets. Embiid akawa mchezaji bora wa NBA mwaka 2023, tena kwa haki yake. Lakini kutoka siku hiyo ya 2021 mpaka msimu wa 2025 unaisha, timu yake haikuwahi kuvuka raundi ya pili.

Siwezi kusema sentensi moja ndiyo ilifanya hayo yote. Kocha Doc Rivers naye aliulizwa usiku huohuo kama Simmons anaweza kuongoza timu ya ubingwa, akajibu kwamba hajui. Simmons mwenyewe alikuwa na shida zake: kwa mchujo ule alitupa mitupo huru 73 akaingiza 25. Hiyo ni shida kubwa, hakuna mtu anaificha. Swali langu ni dogo tu. Ile sentensi ya Embiid iliongeza nini? Ilimfundisha Simmons kutupa mitupo huru? Ilirudisha ile danki? Kama haikumsaidia aliyesemwa, na haikuisaidia timu, ilimsaidia nani?

Mimi nadhani ninajua.

Maneno ya mbele ya kamera hayaendi kwa mwenzako. Yanakuja kwangu na kwako. Mwenzako yuko hapohapo, viti viwili kutoka kwako kwa chumba cha kuvalia. Kama ulikuwa unataka ajue, ungegeuka tu umwambie. Ukiamua kupitia kwa waandishi, na kamera, na simu za watu milioni, ndio ujumbe urudi kwa mtu aliyekaa viti viwili kutoka kwako, basi huo ujumbe haukuwa wake. Ulikuwa wetu sisi mashabiki. Na unasema hivi: mnaponihesabia hii hasara, mimi nitoeni.

Hiyo ndiyo kazi ya kumkosoa mwenzako hadharani, ni kujitoa kwenye hesabu. Mtu anashinda na timu, lakini wakishindwa anashindwa na akina fulani.

Na tuongee kuhusu nguvu, kwa sababu hapa ndio watu hujifanya hawaoni. Baada ya mechi maiki inaenda kwa nani? Kwa staa. Kila mechi, kila wiki. Yule mchezaji wa kumi na moja anayeingia dakika nne hajawahi kuulizwa chochote. Kwa hivyo staa akimsema, hana pa kujibia. Akiandika kwa ukurasa wake ataambiwa ana wivu. Akinyamaza itakuwa amekubali. Mkiitana uwanjani nyote wawili ni wachezaji, lakini mbele ya kamera mmoja ana panga na mwingine ana mikono mitupu.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza vidio za michezo, kwa hivyo najua klipu hupikwa aje. Mahojiano ya dakika kumi na mbili yanakatwa yanabaki sekunde tisa. Na zile sekunde tisa sio pale staa amesema kocha alipanga vizuri. Ni pale amekunja uso akasema "wengine wetu hawajitumi". Hiyo ndiyo inatazamwa, hiyo ndiyo inatumwa kwa magrupu, hiyo ndiyo inaleta pesa. Staa anafikiri anaongea na taifa. Anatupikia sisi. Tunakula, tunashiba, kesho tunamuuliza tena, tena kwa sauti ya upole kabisa: "Unahisi wenzako walikusaidia leo?"

Msidhani haya ni mambo ya Marekani peke yake. Hapa kwetu watu wanajua michezo. Ukienda Kitale kuna St. Anthony's, ukishika barabara ya Webuye ukatokea upande wa Kimilili kuna Kamusinga, na watoto wa hii sehemu wanakua wakisikia habari za hoki na boli za hizo shule kama vile wengine wanasikia habari za wafalme. Kila kijiji kina staa wake. Na siku hizi kila staa ana simu.

Miaka michache iliyopita kulikuwa na timu ya mtaa hapa, vijana wa rika langu, uwanja wa simiti, ringi haina neti. Walienda mashindano Bungoma mjini wakapoteza kwa pointi tatu. Mrefu wao, kijana ambaye mchana alikuwa anafanya kazi kwa mashine ya kusaga mahindi, alikosa mpira akiwa chini kabisa ya ringi. Ni kosa la kawaida, hata wanaolipwa mamilioni hulifanya. Staa wa timu, na alikuwa staa kweli, simnyimi sifa zake, akaenda laivu wakiwa bado ndani ya matatu wakirudi. Akasema yeye amechoka kubeba mzigo. Halafu akageuza simu. Nyuma kabisa unaona yule mrefu amelaza kichwa kwa dirisha, hajui anatazamwa. Watu wakacheka. Ukiangalia ile vidio unasikia mpaka makanga anacheka.

Jina lilifika Kiminini kabla ya gari. Mzigo. Kwa stage, Mzigo. Kwa mashine, watoto wameleta debe la mahindi: "Mzigo, nisagie." Hakuna hata mmoja wa hao watoto aliona ile mechi. Hawajui ilikuwa kuhusu nini. Wanajua tu huyo ni Mzigo. Jina lake la ubatizo sai linatumiwa na mamake na chifu peke yao.

Aliacha basketi. Hakugombana na mtu, hakuandika chochote mahali, aliacha tu kuja. Sasa fuata hesabu. Timu ikabaki bila mrefu. Staa wetu, ambaye pointi zake nyingi zilikuwa zinatoka kwa rebaundi za Mzigo, akaanza kujirukia mwenyewe na kujichokea mwenyewe. Vijana wengine nao wakawa wanacheza kwa woga, kila mtu anapasia haraka asije akashikwa na kosa mkononi. Nani anataka kuwa Mzigo wa pili? Miezi michache baadaye hawakuwa wanafika watano mazoezini. Leo msimu wa mavuno ule uwanja watu wanaanikia mahindi.

Hapo ndio nasema hii si stori ya adabu tu, ati kijana awe na heshima. Ni stori ya kushinda na kushindwa. Ukimwanika mmoja unawatisha kumi. Na mchezaji anayeogopa hatupi ule mpira wa mwisho, anautafutia mtu wa kumpa. Rudi uangalie Simmons pale chini ya ringi. Yule ni mtu aliyekuwa ameshaogopa. Unafikiri dawa ya woga ni kumuongezea watazamaji?

Na watazamaji tayari wanatosha. Muulize Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchukua wa pili kwa dunia nzima, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Msimu wake wa kwanza haujaisha, akateremshwa ligi ndogo, na wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu hivyo alikuwa amewahi kuteremshwa huko. Mpaka leo, kila mara watu wakiandika orodha ya waliochaguliwa vibaya, jina lake liko. Mchezaji anayeyumba hahitaji mwenzake amtangaze. Dunia ina watangazaji wengi, na hawachoki. Kitu ambacho hana ni mtu wa ndani wa kusimama naye.

Najua mtasema: "Na Jordan je? Jordan alikuwa anawakula wenzake wazima wazima na alishinda mara sita."

Vizuri, tuongee kuhusu Jordan. Mwaka 1995, kambi ya mazoezi, alimpiga Steve Kerr ngumi ya uso. Ngumi sitetei, tusielewane vibaya. Lakini angalia ilitokea wapi. Mazoezini, milango imefungwa, na Kerr naye alikuwa amemjibu kiume. Siku hiyohiyo Jordan akampigia simu kuomba msamaha. Haikuishia kwa gazeti la kesho yake ati "Kerr ni dhaifu". Sasa ruka mpaka 1997, fainali, mechi ya 6 na Utah Jazz. Alama ziko sawa, sekunde zinaisha, Jordan anavamiwa na watu wawili. Anampasia nani? Steve Kerr. Kerr anafunga, Bulls wanachukua ubingwa. Mnapenda kunitajia Jordan mkali. Mimi nawatajia Jordan aliyetoa ile pasi. Ukali wake wote ulikuwa wa kumfanya Kerr awe tayari kwa ule mpira. Ukali wa kamera hautayarishi mtu kwa lolote.

"Na Kobe?" Asante kwa kuuliza. Mwaka 2007 mashabiki walimrekodi Kobe Bryant kwenye maegesho ya magari akiwaka moto kwa sababu Lakers walikataa kumtoa Andrew Bynum ili wampate Jason Kidd. Bynum wakati huo alikuwa na miaka 19. Vidio ikazunguka kila mahali. Sasa nenda mbele: 2009 Lakers bingwa, 2010 Lakers bingwa tena, na senta anayeanza ni nani? Ni huyohuyo Bynum, na 2010 alicheza fainali na goti bovu. Kama wakubwa wa Lakers wangemsikiliza Kobe wa kwenye maegesho, Kobe wa kwenye uwanja angeikosa mikono iliyomsaidia kubeba vikombe viwili. Hasira ya staa si ripoti ya mtaalamu. Ni hasira tu.

Watu wa Manchester United nao msijifiche. Oktoba 29, 2005 mlichapwa 4-1 na Middlesbrough. Roy Keane, kepteni, alikuwa ameumia, hakucheza. Akaingia studio ya televisheni ya klabu yenyewe, MUTV, akaanza kuwachambua wenzake, akina Rio Ferdinand, John O'Shea na Darren Fletcher. Klabu ikaificha ile programu, haikuonyeshwa, lakini maneno hayafungiwi kabatini. Novemba 18 Keane akaondoka, baada ya miaka kumi na miwili Old Trafford. Kiungo mkubwa kuliko wote waliovaa ile jezi, akatokea mlango wa nyuma. Halafu Mei 2008, Moscow, United wakachukua Ligi ya Mabingwa. Aliyevaa kitambaa cha kepteni uwanjani usiku huo ni Rio Ferdinand.

Hizi kesi tatu zinasema kitu kimoja: staa akiwa na uchungu hajui mwenzake atakuwa nani miaka miwili ijayo. Hajui. Na ukishamtangaza mtu kuwa takataka, huwezi kumuokota tena mbele ya watu bila nyinyi wawili kuona aibu.

Sasa nisije nikaeleweka ati nataka mastaa wafunge mdomo na wacheke cheke tu. Nataka kinyume. Nataka waongee zaidi, ila ndani.

Nitawaeleza ninachomaanisha. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, habari zilizunguka ukoo mzima. Kuna jamaa mmoja wa familia alisimama kwa mkutano, mbele ya watu kama arobaini, akasema huyu kijana amekula karo ya ng'ombe wawili akaturudia na simu. Watu walicheka sana. Na kwa kweli ni mstari mzuri, hata mimi kama mtu wa maudhui nauheshimu. Lakini ulinifanya nifanye nini? Uliniambia nisihudhurie mikutano ya familia, basi. Mjomba wangu yeye alinipigia simu usiku, sisi wawili tu. Aliniuliza mambo mazito mara kumi. Mwaka ujao nitakula nini. Nikiugua nani atalipa. Ratiba yangu ya kazi iko wapi, nimsomee. Nilikasirika siku tatu. Kuhusu chuo mpaka leo mimi na yeye hatukubaliani, lakini ile ratiba ninayo, na simu yake ikilia naishika haraka.

Yule wa mkutano na mjomba wote walisema "ukweli". Mjomba alisema ukweli mkali zaidi. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa anaongea na mimi, mwingine alikuwa anaongea na wale arobaini akinitumia mimi.

Kwa hivyo, staa, kabla hujafungua mdomo, jiulize mambo matatu. Kwanza, huyu mtu nimeshamwambia uso kwa uso? Kama bado, huna ruhusa ya kutuambia sisi. Pili, ana maiki ya kunijibu? Kama hana, hiyo si hoja, hiyo ni kupiga mtu amefungwa. Tatu, nikianza na makosa yangu mwenyewe, nitabaki na nguvu za kufika kwa yake? Mara nyingi ukianza na yako, muda wa mahojiano unaisha. Nyani haoni kundule, na wanaofunga pointi nyingi huwa hawalioni kabisa.

Kuna mambo ambayo hayangoji. Mwenzako akiuza mechi, akimdhuru mtu, akisumbua wasichana wa timu, hayo si makosa ya mchezo. Hayo peleka kwa wanaohusika, na wakikunyamazia paza sauti. Hapo hatuongei tena kuhusu pasi mbovu.

Na kuna upande mmoja ambao nataka sauti ya staa isikike mpaka majirani waamke. Juu. Kwa wakubwa. Juni 2018 huko Paris, wachezaji wetu wa raga ya saba kila upande, Shujaa, waliingia uwanjani wakiwa wameziba jina la mdhamini kwa jezi, wakilalamikia pesa zao. Serikali ilifoka. Watu wengine wakasema ni utovu wa nidhamu. Lakini angalia walivyofanya: walisimama pamoja, na waliwaelekea wenye nguvu kuliko wao. Huo ndio ujasiri. Kumsema kocha msaidizi wa shirikisho aliyekula marupurupu kunaweza kukunyima nafasi kwa timu. Kumsema beki wa akiba kunakugharimu nini? Hakuna kitu. Jambo lisilokugharimu kitu usiniambie ni ushujaa.

Kwa nchi kama yetu hii ni muhimu kuliko Marekani. Kule Simmons alitoka na mkataba wa mamilioni ya dola mkononi. Hapa mchezaji wa ligi ana kazi nyingine, au anatafuta kazi nyingine, na timu kubwa nyingi ni za mashirika na majeshi, KPA ya bandari, Ulinzi ya wanajeshi. Nafasi ni chache. Staa aliyetoka kucheza Ulaya akisema mbele ya kamera kwamba "wa nyumbani hawatoshi", anapanda ndege kesho yake. Aliyesemwa anabaki hapa na hilo jina, kama yule wetu wa mashine ya kusaga.

Na tunajua timu yetu inaweza kuwa nini ikishikana. Februari 20, 2021, Yaoundé, Kenya 74, Angola 73. Angola, bingwa wa Afrika mara 11! Tylor Ongwae akafunga mtupo wa mwisho saa ikiisha, na Kenya, chini ya kocha Liz Mills, mwanamke wa kwanza kuipeleka timu ya wanaume AfroBasket, ikarudi kwenye hayo mashindano mara ya kwanza tangu 1993. Miaka 28. Tulimbeba Ongwae vichwani, na alistahili. Lakini mtupo wa mwisho hauna maana yoyote kama wengine hawajakufikisha karibu. Kuna mtu alichukua rebaundi. Kuna mtu aliziba njia. Kuna mtu alikaa benchi akipiga makofi mpaka mikono ikauma. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kiwe kirefu namna gani.

Mwaka huohuo, Kigali, Morans hao hao walitolewa na Sudan Kusini 60-58. Pointi mbili! Mechi ya pointi mbili ni tamu sana kwa watu wa kutafuta mchawi, kwa sababu kila kosa moja linatosha kuwa ndilo. Mtupo huru mmoja hapa, pasi moja pale. Ukitaka jina utalipata. Na ukilipata, bado ni 60-58.

Kwa upande wangu, kwa ukurasa wangu, lile swali la "wenzako walikusaidia?" siulizi. Na klipu ya staa akimwanika mtu wa timu yake sitaipandisha, hata iwe moto namna gani, hata mwenye ukurasa wa pili aipandishe apate watazamaji wa mwezi mzima kwa siku moja. Mniite mjinga. Sawa tu.

Na wewe kepteni wa shule, wewe staa wa kijiji, wewe unayesoma hii ukiwa na jezi bado ina jasho la kupoteza: maiki ikikujia leo, una neno moja la kusema. Tulishindwa. Si "walishindwa", si "wengine wetu". Tulishindwa. Halafu zima hiyo simu, mtafute yule aliyekosa, mkae kando nyinyi wawili, umwambie ukweli wote bila kupunguza. Akasirike. Akujibu. Aseme na yako pia, kwa sababu ziko. Kesho mfike mazoezini mapema kabla ya wengine, umpasie ule mpira aliokosa, mara hamsini, mpaka mkono wake usahau kuogopa.